Jiko Lisilopasha Chumba Joto

Ndugu yetu mmoja wa mjini Singida, baba wa watoto watatu, ametuandikia kutaka shauri juu ya jiko lake la mkaa. Asema kipupwe cha mwaka huu kimewaelemea. Walihamia nyumba yao mpya ya matofali ya saruji na mabati, na tangu Juni ilipoingia hawapati usingizi kwa baridi. Basi kila baada ya sala ya Isha huliingiza jiko katika chumba walalamo. Lakini joto halizidi hatua mbili kutoka jiko lenyewe, na ifikapo usiku wa manane chumba huwa baridi kama uani. Ameongeza mkaa, hapana faida. Akanunua jiko la pili. Mwisho mkewe akaziba kwa matambara upenyo wote ulioko kati ya ukuta na paa, na usiku ule, asema, joto lilianza kukaa. Ila alfajiri mama na watoto waliamka vichwa vikiwauma sana, na mdogo akatapika, nao wakadhani ni malaria. Swali lake ni hili: majiko haya yana kasoro gani?

Kwa kawaida majibu ya ukurasa huu hungoja siku ya kupigwa chapa. Barua hii haikungojeka. Tulimpigia ndugu yetu simu saa ile ile, tukamsihi ayatoe majiko yote mawili chumbani kabla ya kulala, awapeleke mama na watoto hospitali, na amweleze daktari habari ya mkaa, maana daktari asipoambiwa huenda akatafuta malaria tu. Hapa twaeleza sababu kwa ajili ya nyumba nyingine, kwani twajua hayuko peke yake.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni, na ndiyo maana watu hudhani mkaa ni moto safi. Hewa hii ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu zipitazo mara 200 zile za oksijeni, ikatwaa mahali pake, na mwili ukakosa kinachouhuisha ilhali kifua chapanda na kushuka kama kawaida. Dalili zake za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Lakini aliyelala hazitambui, na huenda asiamke tena. Mtoto mchanga na mama mwenye mimba ndio wa kuhofiwa zaidi. Wako wasemao kwamba jiko likiwashwa nje hata makaa yakaiva yote yakawa mekundu, sumu imekwisha. Si kweli. Makaa mekundu huendelea kuitoa, na hata yale yaliyofunikwa na jivu, ambayo wengi huyadhani yamelala, huitoa pia.

Basi na afahamu ndugu yetu jambo litakalomshtua: ule upenyo alioulaumu kwa kupoteza joto ndio uliokuwa ukiwatolea sumu siku zote zile. Usiku jiko lilipoanza kupasha chumba sawasawa ndio usiku lilipokaribia kuwaua.

Sasa joto lilikuwa likienda wapi? Mji wa Singida uko juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake wa kiangazi, uvumao juu ya maziwa ya Singidani na Kindai na kupenya kati ya majabali, haumsahauliki aliyewahi kukaa huko. Mchana jua ni kali. Lakini usiku usio na mawingu joto la ardhi hupanda juu likapotea. Bati ni jembamba, halihifadhi kitu. Hewa ya moto hupanda, hugusa bati lililopoa, na joto lote huishia nje. Wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba walijenga tembe, nyumba fupi yenye paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo mzito. Udongo ule hunywa joto la jua mchana kutwa na kulirudisha ndani polepole usiku. Tuliwahi kulala katika nyumba ya namna hiyo, na ijapokuwa paa lilitudondoshea vumbi ndani ya chai, blanketi moja lilitutosha. Hatumwambii mtu abomoe nyumba yake ya bati. Twamwambia aweke dari. Akikosa fedha ya mbao, aanze na chumba kimoja, cha watoto, hata kwa matete au mikeka iliyokazwa vizuri mbali na moto wowote. Tena sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili kuliko watu wadhanivyo: godoro na liinuliwe, na blanketi moja litandikwe chini badala ya yote kuwekwa juu.

Ama majiko yenyewe, yasafishwe jivu lililoziba matundu, mkaa uanikwe juani, na lile lililopasuka udongo wa ndani lizibwe. Lakini hayo ni kwa kupikia mahali penye hewa. Mtume wetu (S.A.W.) alipopewa habari ya nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku pamoja na watu wake, aliamrisha moto uzimwe wakati wa kulala, Bukhari na Muslim wote wameipokea.

Ndugu yetu ameuliza pia habari ya udhu wa alfajiri, kwa kuwa jiko la chumbani ndilo lililokuwa likiwapashia maji. Maji na yachemshwe baada ya chakula cha usiku, yajazwe katika chupa ya chai, na alfajiri yachanganywe na ya baridi. Chupa ya lita mbili yawatosha watu kadhaa wasiofanya israfu.

Jana tumepata barua yake ya pili. Daktari amewaona na wote wazima. Dari ya chumba cha watoto imekamilika, ya chumba chao wenyewe yangoja mavuno ya alizeti yauzwe, na bibi yao mzee, aliyekuwa akiteta kwamba jiko limetolewa bure, sasa amehamishia kitanda chake kwa wajukuu.