Lamu Tumeiona, Taveta Je?

Kila mwaka swali huwa ni lile lile katika mikutano ya chama chetu cha Kiswahili: safari ni ya wapi? Na jibu hujulikana hata kabla mwenyekiti hajafungua kinywa. Pwani! Mwaka jana ilikuwa Lamu. Mimi si adui wa safari, maana wahenga hawakukosea waliposema tembea uone. Lakini mwaka huu nina neno, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunizomea.

Kwanza niseme wazi: Lamu ni pazuri, hilo halina ubishi. Ni mji mdogo kisiwani, kwa hivyo basi likifika Mokowe huna budi kupanda mashua. Vichochoro vyake ni vyembamba, hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hungoja mwenzake apite. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Milango imenakshiwa, na mbele ya mlango kuna daka, mahali pa kuketi na kupiga gumzo. Ngome yake ilimalizika mwaka wa 1821, ikawa jela hadi 1984, na leo ni makumbusho. Mwaka wa 2001 UNESCO iliutia mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Isitoshe, tenzi kadhaa zinazotutoa jasho darasani zilitungwa kwa Kiamu. Nani asiyetaka kufika huko?

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi hakikuwa mlango wala ngome. Ni kijana aliyetutembeza, rika letu tu. Hakushika karatasi yoyote. Alieleza nakshi za milango, daka na kazi yake, hata punda na bei zao! Tulipoketi kupumzika akatuuliza, "Na huko kwenu Voi kuna nini?" Tukajibu kwa sauti moja, "Ndovu!"

Jibu hilo si uongo. Tsavo imekuwa mbuga ya taifa tangu 1948, na ndovu wake tunawajua, hasa wakija shambani usiku. Lakini je, ni ndovu tu? Hebu tuhesabu.

Mwaka wa 1914, vita vikuu vya kwanza vilipozuka, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka wakaiteka Taveta. Waingereza nao wakaanza kujenga reli kutoka hapa hapa Voi mwaka wa 1915, kupeleka askari na vyakula kupitia Bura na Maktau. Tarehe 12 Februari 1916, askari kutoka Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata vita vikapiganwa kwenye vilima vya Latema na Reata, na Wajerumani wakaondoka Taveta. Makaburi ya askari yapo Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa safi, majina yamechorwa kwenye mawe. Lakini maelfu ya wapagazi Waafrika waliobeba risasi na unga vichwani katika vita hivyo, wengi wao hawana hata jiwe. Jina la Kariakoo, mnalolisikia Dar es Salaam, lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps. Hiyo ni historia ya dunia, na imepita mlangoni petu.

Bado sijataja ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la volkeno, nusu Kenya nusu Tanzania. Sijataja mlima Mbololo, ambako kuna ua la Saintpaulia teitensis, lisiloota porini popote pengine duniani. Wala sijataja mapango ambamo wazee wa Kidawida walihifadhi mafuvu ya mababu zao. Huko hatuendi kupiga picha na kucheka. Tunaenda na mzee, kwa adabu.

Najua kuna wale watasema, "Ah, Taveta si tunaijua? Matatu zake si ziko pale stejini kila siku!" Jamani, kujua njia si kujua mahali. Wengine watasema hakuna cha kuonyesha, ni vilima na vichaka tu. Nami nawajibu: kichochoro cha Lamu nacho ni kichochoro tu, mpaka apatikane mtu wa kukueleza. Lamu ina sifa kwa sababu wenyewe waliijua, wakaisimulia, wakaitungia tenzi. Yetu nani atayasimulia? Wazee wanaoyajua wanatuacha mmoja mmoja, na sisi tuko kwenye foleni ya mashua.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma. Safari ya Lamu iliwaacha wenzetu wengi bwenini. Si kwamba hawakupenda, nauli iliwashinda. Chama ni chetu sote, mbona safari iwe ya wenye mifuko? Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110, barabara ni ya lami. Tunaondoka alfajiri, jioni tuko kwa chakula cha usiku. Hakuna malazi, hakuna mashua. Pesa za watu ishirini kwenda Lamu zinaweza kutupeleka sote.

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu. Mosi, safari ijayo iwe Salaita, Taveta na Chala, na asibaki mwanachama hata mmoja. Pili, likizoni kila mmoja wetu amwulize babu au nyanya asili ya jina la kijiji chake, iwe ni kwa Kidawida, Kisagalla au Kitaveta, kisha aandike kwa Kiswahili katika gazeti hili. Tatu, tuwaalike wenzetu wa Lamu waje huku, tuwatembeze sisi.

Lamu haitahama, tutairudia tukijaliwa. Ila wahenga walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwalimu mlezi, nimemaliza. Wanachama, mkutano ujao tupige kura.