Samani za kale kando ya Ziwa Mweru: je, muuzaji anajua anachouza?

Uvuvi unapofungwa, fedha huadimika Kashikishi na vitu vya nyumbani huanza kutazamwa kwa jicho la soko. Meza au kabati la mbao lililorithiwa kwa wazee laweza kuondoka kwa bei ya kuni, wakati mnunuzi anajua vizuri zaidi kuliko mwenye mali kilichomo ndani yake.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia husimamisha uvuvi katika Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaliana. Kwa Kashikishi, mji wa wavuvi na wachuuzi wilayani Nchelenge, mkoani Luapula, hiyo ni miezi mitatu ya mapato haba. Katikati yake shule hufunguliwa, na sare na madaftari hayangoji samaki warudi. Katika majira kama hayo, kabati lililosimama chumbani miaka hamsini huonekana ghafla kuwa ni fedha iliyolala.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio huko, jambo hili lina ugumu wa ziada. Baadhi yao ni wafanyabiashara wenye asili ya Kilwa na Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Wengine ni wakimbizi waliopokewa katika makazi ya Mantapala tangu mwaka 2018, baada ya mapigano ya Katanga na Tanganyika kuwafukuza makwao. Mapatano ya bei hufanyika kwa Kibemba au Kiingereza, na asiyeimudu lugha ya mnunuzi hulazimika kuamini anachoambiwa. Kwa sababu hiyo, kuitambua mali kabla ya kufungua kinywa ni kinga ya kwanza.

Zilikotoka

Samani nzuri za zamani hazikufika pwani ya Mweru kwa bahati. Wamisionari wa London Missionary Society walianzisha kituo cha Mbereshi, kusini mwa Nchelenge, mwaka 1900, na kazi za ufundi zikiwamo za useremala zilifundishwa huko. Ng'ambo ya ziwa, Dan Crawford alijenga misheni ya Luanza. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka makao Kasenga, kando ya Mto Luapula, wakinunua samaki wa Mweru kwa ajili ya miji ya migodi. Maofisa wa kikoloni nao walikuwa na madawati na makabati ya serikali. Zaidi ya hao wote, vijana wa Luapula walikwenda kufanya kazi Elisabethville na katika migodi ya Copperbelt, na waliorudi hawakurudi mikono mitupu.

Basi meza iliyomo katika nyumba ya kawaida yaweza kuwa kazi ya mwanafunzi wa misheni, mali iliyouzwa na mfanyabiashara aliyehama, au ununuzi wa babu kwa mshahara wa mgodini. Kila asili ina thamani yake, lakini mnunuzi hatalipia hadithi isiyo na dalili.

Kitu kimoja, bei tatu

Makosa mengi huanza kwa kudhani kuwa samani ina bei moja. Kwa hakika ina tatu. Ya kwanza ni bei ya mbao: kiasi ambacho seremala angelipa ili aivunje na kuitumia tena. Ya pili ni bei ya matumizi: thamani ya meza imara inayoweza kuliwa chakula kesho. Ya tatu ni bei ya ukale: kile ambacho mkusanyaji hulipa kwa sababu ya fundi, zama au historia yake.

Bei ya kwanza ni sakafu, na mtu yeyote aweza kuikadiria. Uso wa meza wenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 3 una mita za ujazo 0.054 za mbao. Kiasi hicho kikilinganishwa na bei ya mbao ya aina hiyo sokoni, mwenye meza hujua kiwango ambacho hapaswi kushuka chini yake. Bei ya pili hupatikana kwa swali moja kwa seremala wa mtaani: meza mpya ya mbao kama hizi angeitoza kiasi gani? Bei ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayofichwa na wanaoijua.

Kuutambua mti na mkono wa fundi

Hatua ya kwanza ni kutazama mahali ambapo rangi na vanishi havikufika: chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya droo. Mukwa, unaoitwa mulombwa kwa Kibemba na mninga Afrika Mashariki, una rangi ya asali hadi kahawia, nao hauchezi sana hali ya hewa inapobadilika. Mupapa, ambao pwani huitwa mkongo au mbambakofi, ni mzito zaidi na huelekea wekundu. Mukusi, mti wa magharibi mwa Zambia uliotumika kwa mataruma ya reli, ni mgumu na wa kahawia iliyokolea. Mpingo ni mweusi, na kipande chake huzama majini.

Baada ya mti, hufuata kazi ya mikono. Katika droo ya zamani, pembe hushikana kwa vipande vilivyokatwa mfano wa mkia wa ndege, na miguu ya meza huingia katika fremu kwa ulimi na tundu, bila kutegemea misumari. Vipande visivyolingana sawasawa ni dalili ya msumeno wa mkono. Vilivyofanana kabisa huashiria mashine. Alama za kupasulia zilizonyooka zaweza kuwa za msumeno wa mkono, ilhali zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa duara. Parafujo yenye mfuo wa msalaba ilianza kuenea miaka ya 1930. Ikiwa ndiyo ya asili, samani haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Lakini parafujo hubadilishwa, kwa hiyo dalili moja haitoshi kutoa hukumu.

Shahidi mzuri kuliko wote ni maandishi. Lebo au mhuri wenye jina la Northern Rhodesia hutangulia uhuru wa Oktoba 1964. Jina la Elisabethville huelekeza kabla ya mwaka 1966, mji huo ulipopewa jina la Lubumbashi. Neno Zaire huonyesha kipindi cha kati ya 1971 na 1997. Karatasi chakavu iliyogandamana nyuma ya kabati yaweza kuwa na thamani kuliko mguu mmoja wa kabati lenyewe, na kuibandua ni kufuta cheti cha kuzaliwa.

Vivyo hivyo, kupiga msasa na kupaka vanishi mpya kabla ya kuuza mara nyingi humrudisha muuzaji nyuma. Rangi iliyokomaa kwa miongo mingi ndiyo anayoitafuta mkusanyaji. Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kunatosha. Vitasa, bawaba na funguo vilivyong'oka vihifadhiwe pamoja na samani.

Wengine walivyopata na walivyopoteza

Mji wa Chandigarh nchini India unatoa fundisho. Katika miaka ya 1950 na 1960 ofisi za mji huo mpya zilitengenezewa viti na madawati ya msaji yaliyobuniwa chini ya Pierre Jeanneret, Mswisi. Yalipochakaa, serikali iliyauza kwa mnada kama taka. Wafanyabiashara waliyapeleka Ulaya, yakatengenezwa, na kiti kimoja kikauzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 2011 serikali ya India iliagiza samani hizo zilindwe, lakini nyingi zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari.

Tanzania ilikuwa imewahi mapema. Sheria yake ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliiweka milango ya kuchongwa iliyotengenezwa kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa, ambavyo haviwezi kusafirishwa nje bila kibali.

Hata hivyo, Chandigarh isiwe ndoto ya kila mwenye kiti kikuukuu. Umri peke yake hauleti fedha. Ulaya na Marekani, makabati mazito ya kahawia ya karne ya 19 yameshuka sana bei tangu mwanzo wa karne hii, kwa kuwa nyumba zimekuwa ndogo na mapendeleo yamegeuka. Kitu cha kale kisicho na mteja wa ukale hubaki na bei ya matumizi, na hiyo si bei ya kudharauliwa.

Luapula ina fundisho lake la karibu zaidi. Katika muongo uliopita, magogo ya mukula, mti mwekundu wa jamii moja na mukwa, yaliondoka kwa wingi Zambia na Kongo kwenda China kutengenezewa samani za fahari. Wanavijiji walioyakata walipata sehemu ndogo sana ya bei iliyolipwa mwisho wa safari. Walijua kukata, hawakujua mti wao ulikuwa unatafutwa kwa nini.

Sheria na mpaka

Kadhia hiyo iliacha alama katika sheria. Mukula uliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliongeza jamii zote za Kiafrika za mukwa na mupapa. Masharti hayo yanagusa magogo, mbao zilizopasuliwa, plaiwudi na mbao zilizosindikwa, lakini si samani iliyokamilika. Kwa hiyo meza ya mukwa ikivushwa ikiwa meza haihitaji kibali cha CITES. Ikivunjwa na kuvushwa kama mbao, yaweza kukihitaji. Mpingo una kanuni nyingine: shehena ya bidhaa zilizokamilika yenye zaidi ya kilo 10 za mbao hiyo huhitaji kibali.

Nchini Zambia kwenyewe, sheria ya mwaka 1989 ya uhifadhi wa urithi wa taifa inazuia kutoa nje vitu vya kihistoria bila idhini. Anayemuuzia mnunuzi wa ng'ambo ya ziwa afanye vyema kuuliza kwanza katika ofisi ya misitu na kwa forodha, kwa kuwa mnunuzi hutumia hofu ya mpaka kupunguza bei.

Kabla ya kutaja bei

Matayarisho yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Picha za mbele, nyuma, chini na ndani ya droo, pamoja na vipimo, zaweza kutumwa kwa simu kwa wanunuzi wawili au watatu wasiofahamiana, wa Mansa, Ndola au Lusaka. Makumbusho, kama ile ya Moto Moto iliyoko Mbala, haipangi bei, lakini wataalamu wake waweza kusaidia kutambua kitu. Bei ya mbali ikipatikana, gharama ya usafiri itolewe kabla ya kufurahia.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hati ya mauziano yenye tarehe, picha, majina na saini za mashahidi humlinda muuzaji, hasa mgeni, dhidi ya madai kwamba kitu kiliibwa. Pia huhifadhi simulizi ya mzee aliyekinunua, ambayo ni sehemu ya thamani.

Na pengine, baada ya hesabu zote, familia itaamua kuuza kitu kingine na kulibakiza kabati. Machi uvuvi hufunguliwa, na fedha ya samaki hurudi Kashikishi. Kabati lililouzwa Januari kwa bei ya kuni halirudi.