Basari si Sadaka ya Mheshimiwa



Picha mnaijua. Mheshimiwa uwanjani, hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, na mama wa Makina au Gatina anapiga makofi. Sasa jiulize, hizo pesa zimetoka wapi? Zimetoka kwa ushuru wa sabuni na krediti anayonunua huyo huyo mama.

Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi bure na ya lazima. Serikali yenyewe iliweka shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwakalia wabunge akakiri kwamba Hazina haiwezi kulipa kiasi hicho chote. Basi shule inapunguziwa haki yake kimya kimya, halafu mzazi anaambiwa apange foleni ya basari: fomu, muhuri wa chifu, sahihi ya imamu au pasta, na mwisho wa yote, nani anakujua?

Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba, kwa sababu kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kuchunguza matumizi, si kugawa pesa. Wabunge walikasirika sana. Unashangaa?

Sisi tunasema pesa zimfuate mtoto, ziingie moja kwa moja akaunti ya shule. Lakini tusidanganyane: ukifuta basari leo na zile 22,244 hazijatimia, kesho mtoto wa Kawangware anarudishwa nyumbani kwa karo. Zitimizwe kwanza. Na wale wanaosoma shule za mabati za jamii, Kibera na Kawangware, ambao mgao huo hauwafikii, wahesabiwe pia. Wao nao ni watoto wa Kenya.

Wewe je? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza. Andika barua kwa afisi ya NG-CDF ya eneo bunge lako, Kibra au Dagoretti North, uombe orodha ya shule zilizolipwa basari mwaka huu na kila moja imepata ngapi. Majina ya watoto usiombe, hayo ni siri yao. Wana siku 21 za kukujibu. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa, na siku hizo zikipita bila jibu, tutumie picha yake inboksi.