Barakoa Haisomi Kalenda

Nina ugomvi na karatasi moja. Ina kurasa mbili, imeandikwa kwa Kiingereza, na baba yangu alipewa na kliniki moja jijini Kampala siku aliyopeleka mashine yake ya kulalia ikapangwe kipimo cha hewa. Ukurasa wa pili una jedwali. Mpira wa barakoa, badilisha kila mwezi. Bomba na fremu, kila miezi mitatu. Mikanda na kikopo cha maji, kila miezi sita. Chujio, mara mbili kwa mwezi. Baada ya hapo hakuna neno lingine. Ninadai kwamba jedwali hilo, likitolewa peke yake namna hiyo, linadhuru watu, na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tuna sehemu yetu katika lawama.

Kwa wasioujua ugonjwa wenyewe: kuna watu ambao wakilala, misuli ya koo hulegea mpaka njia ya hewa inajifunga. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mwili unashtuka, mtu anavuta hewa kwa mkoromo mkubwa, kisha mambo yanaanza upya. Madaktari huita hali hiyo apnea, na huhesabu inatokea mara ngapi kwa saa. Chini ya mara 5 ni kawaida. Mara 30 na kuendelea ni hali mbaya. Baba alipimwa akakutwa na 41. Mgonjwa mwenyewe hana habari, anachojua ni kwamba ameamka amechoka. Mashine haiuondoi ugonjwa. Kazi yake ni kusukuma hewa kupitia puani ili koo lisijifunge, kama upepo unavyoshikilia tairi. Colin Sullivan wa Sydney na wenzake walipoitangaza njia hii mwaka 1981, barakoa zao za mwanzo zilifinyangwa kwa kila mgonjwa na kugandishwa puani kila usiku kwa silikoni. Kwa hiyo tangu mwanzo shida haikuwa mota peke yake. Ilikuwa pia mahali pale pembamba ambapo barakoa inakutana na ngozi.

Nimejaribu kufuatilia jedwali lile lilitoka wapi. Linafanana mno na orodha ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayowahudumia hasa wazee: mipira ya barakoa ya pua hadi 2 kwa mwezi, barakoa 1 kwa miezi 3, bomba 1 kwa miezi 3, mikanda na kikopo cha maji 1 kwa miezi 6, vichujio vya kutupa 2 kwa mwezi. Isome vizuri orodha hiyo. Inataja kile ambacho bima iko tayari kulipia. Ni kikomo cha malipo. Mtu wa Ohio anayeletewa boksi mlangoni hana sababu ya kutofautisha kati ya “unaruhusiwa kupata kipya” na “hiki kimechakaa”. Orodha hiyohiyo ikivuka bahari, kikomo cha malipo kinageuka kuwa amri ya daktari.

Uganda hatuna bima ya afya ya taifa. Vipuri vya barakoa ya baba hatukuvipata Malaba wala Tororo. Huja ndani ya begi la mtu anayetoka kwa baba mdogo huko Boston, akipatikana mtu. Baba alilisoma jedwali, akapiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta, akacheka, akaikunja karatasi. “Hii ni ya matajiri,” alisema. Madhara ninayoyasema yako hapo hasa. Ukimpa mtu ratiba asiyoweza kuifuata, hafuati nusu yake; anaiacha yote. Baba alitumia mpira uleule kwa miezi 17 bila kuutazama hata siku moja, kwa sababu karatasi haikumwambia cha kutazama. Naye ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Mwezi ule wa 17 alilala kwenye usukani katika foleni ya mpakani, gari likiwa limesimama, namshukuru Mungu, akaamshwa na honi za wenzake. Akarudi nyumbani akatangaza kwamba mashine imekufa.

“Mashine haijafa,” mama alisema. “Inapiga mluzi tangu Pasaka.”

Tulikuwa mwezi wa Agosti. Kila usiku ambao Mzee alilala nyumbani, mama aliusikia mluzi ule, akageukia upande wa pili. Hakuna aliyemuuliza. Siku ile ya kliniki alikaa kwenye benchi la nje ameshika mfuko wa mashine, kwa kuwa daktari alizungumza Kiingereza na mimi ndiye niliyeingia ndani kutafsiri. Daktari hakumwita, baba hakumwita, na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili, sikumwita. Mtu pekee katika nyumba yetu aliye macho wakati mashine inafanya kazi alibaki nje.

Usiku huo mama alinishikia tochi nikaifungua barakoa kipande kwa kipande. Mpira ulikuwa umegeuka manjano na kukakamaa. Ule ukingo mwembamba wa ndani, unaotakiwa kujaa hewa na kulala laini juu ya ngozi, ulikuwa umekunjamana, ukiubonyeza haurudi. Kwenye pembe ya juu, karibu na mfupa wa pua, palikuwa na mpasuko mdogo kama punje ya mchele. Mikanda ilikuwa imevutwa mpaka mwisho wake. Baba alikuwa na kidonda juu ya pua kwa miezi mingi, na sote tulidhani ndiyo adhabu ya kawaida ya kuvaa kitu usoni. Kumbe kidonda kilikuwa kinasema. Mpira ukichakaa, hewa inavuja. Mtu anakaza mikanda. Mpira unapindika, hewa inavuja zaidi. Anakaza tena, mpaka ngozi inachubuka. Kama ningeruhusiwa kumfundisha mgonjwa dalili moja tu, ningemfundisha hii: ukijikuta unakaza kuliko ulivyokaza mwezi wa kwanza, iache mikanda, utazame mpira. Zipo nyingine, na zote hazihitaji chombo cha kupimia. Macho mekundu asubuhi, kwa sababu hewa ilikuwa inapuliza kuelekea jichoni. Mashine kunguruma kwa nguvu kuliko zamani, kwa sababu inajitahidi kufidia hewa inayopotea. Na namba: mashine yetu iliandika mara 19 kwa saa, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa 3.

Bomba tulilipima kwa kuziba mwisho wake kwa kiganja na kusikiliza. Lilikuwa zima kabisa. Kwa jedwali la kliniki, bomba hilo zima lilipaswa kuwa limetupwa mara 5. Chujio nalo lilikuwa na rangi ya vumbi la barabara ya malori, na sina shaka kwamba kwa mahali tunapoishi hata hizo wiki mbili za jedwali ni nyingi wakati wa kiangazi. Basi jedwali lilikosea pande zote mbili ndani ya nyumba moja.

Katika kutafuta sababu hatukumwacha mama salama. Alikuwa akiuosha mpira vizuri, lakini anauanika kwenye kamba, juani, pamoja na nguo, na mara mojamoja aliupangusa kwa spiriti “kuua wadudu”. Silikoni haipendi vitu hivyo. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali na kivuli vinatosha, na jiki isikaribie kabisa. Mama aliuliza, kwa hasira ya haki, kwa nini hakuna aliyemwambia. Kwetu kila kinachooshwa huanikwa juani, na jua ndilo dawa ya kila kitu, kuanzia godoro hadi mihogo. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili yetu ingeanza na jua.

Na kama mnadhani kosa la kutojua ni uchakavu tu, sikilizeni hili. Kabla mpira mpya haujafika, fundi wa baiskeli wa mtaani, mtu mwema kabisa, alijitolea kuziba uvujaji kwa solusheni. Aliishika barakoa, akaiwasha mashine, akasikia hewa ikitoka kwenye matundu madogo ya mbele, akasema, “Haya ndiyo yanavujisha.” Matundu hayo yamewekwa makusudi. Hewa chafu anayoitoa mgonjwa hupita hapo. Ukiyaziba, anaanza kuivuta upya. Tulimzuia kwa sababu nilikuwa nimesoma. Tofauti yenyewe si ngumu kueleza: matundu hutoa mvumo ule ule usiku kucha, upande wa mbele, uvujaji hutoka ukingoni, na sauti yake hubadilika mtu akigeuza kichwa. Ni sentensi moja ya Kiswahili. Sijaiona popote.

Rafiki yangu anayesoma udaktari alinipinga, na hoja yake ni nzito. Anasema uchakavu huja polepole, mtu anauzoea, na aliyelala hawezi kusikia mluzi wa barakoa yake mwenyewe. Kalenda humlinda dhidi ya mazoea hayo. Nakubali sehemu kubwa. Tarehe 1 ya kila mwezi inafaa sana kuwa siku ya kutazama: kwenye mwanga, kwa vidole, na kulinganisha namba za mashine. Ninachokataa ni kuifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kutupa. Na kuhusu aliyelala, jibu liko kwenye benchi la nje. Muulizeni anayelala naye. Mwingine aliniambia kwamba nawafundisha maskini kubana vitu vibovu. La. Kwa dalili, mpira wa baba ungebadilishwa Pasaka, miezi mingi kabla ya foleni ya Malaba, na fedha za mabomba 5 yasiyohitajika zingebaki.

Sasa nigeukie kwetu, wenzangu na wahadhiri wetu. Insha zetu kuhusu afya hazikosi methali. Andika “usipoziba ufa utajenga ukuta” na alama unapata. Nani kati yetu ameandika ufa unafananaje? Muhula uliopita tulibishana saa mbili darasani kuhusu istilahi inayofaa kwa apnea, tukashindwa kuafikiana, tukaenda kula. Nilishiriki ubishi huo kwa bidii. Katika somo la tafsiri tumetafsiri hotuba za marais na vifungu vya mikataba ambavyo watu wanaovihitaji hawavisomi kwa Kiswahili. Madereva wa barabara ya Mombasa, Malaba na Kampala wanaelewana kwa Kiswahili kuanzia bandarini, na wengi wao ni watu wa umri na unene ambao ugonjwa huu huupenda. Hao hawajatafsiriwa hata ukurasa mmoja na darasa letu. Naomba idara ituwekee zoezi hilo: kila mwanafunzi achukue karatasi moja aliyopewa ndugu yake hospitalini, aiandike upya kwa Kiswahili, kisha amsomee anayemuuguza. Asipoeleweka, arudie. Alama zitolewe na muuguzaji huyo.

Mimi nimejaribu, na nilifeli mara ya kwanza. Mpira mpya ulifika Septemba. Namba ya Mzee ikashuka hadi 4, naye akaweka alama ya kalamu kwenye mkanda, pale ulipofika usiku wa kwanza, ili aone akianza kukaza. Nilikaa na mama tukaandika ukurasa wetu. Nilikuwa nimeandika “kuvuja kwa hewa kusikokusudiwa”. Mama alinitazama, akachukua kalamu, akafuta.

“Andika mluzi,” alisema.

Ukurasa huo tumeubandika ukutani kando ya kitanda, upande anaolala yeye.