Maiki ina mwenyewe

Huku Nyamongo, Tarime, hakuna anayemwita dereva wa mgodini msaliti. Ana watoto wa kulisha. Lakini naye hajidai kuwa dhahabu ni yake: tunajua mgodi wa North Mara ni wa Barrick asilimia 84, serikali 16.

Mbona watangazaji wa hip-hop hatuwadai ukweli huohuo? Mtu anashika maiki ya tajiri, anapiga ngoma alizopangiwa, kisha anatuambia yeye ndiye sauti ya mtaa. Akihamia redio nyingine kwa mshahara mnono, tunamtukana. Mimi simlaumu kwa kuhama. Namlaumu kwa kunyamaza akiwa ndani.

Sugu na wenzake wa Vinega walipotoa kandamseto ya Anti-Virus kuipinga Clouds, hawakusubiri kupigwa redioni. Huo ndio utiifu kwa utamaduni: kuwa tayari kupoteza kitu.

Mzee wa Kikurya anayepiga iritungu akialikwa harusini hulipwa, ila nyuzi ni zake. Akitaka kumsema mwenye sherehe, atamsema.

Mtangazaji, kula mshahara wako kwa amani. Usituambie tu kwamba maiki ya bosi ni yetu.