Hati ya Kiwanja Si Leseni ya Umeme

Nyumba ikishapauliwa na fedha zikakaribia kwisha, wenye nyumba wengi Tanzania hufikia wazo lile lile: wayaringi naweza kuifanya mwenyewe. Hoja wanazojitetea nazo zinastahili majibu, kwa sababu zinaua watu.

“Nyumba ni yangu, leseni ni ya wanaofanya biashara.” Sivyo. Sheria ya Umeme ya 2008 imeiweka kazi ya kufunga mifumo ya umeme katika shughuli zinazohitaji leseni, na anayeitoa ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Leseni hizo zina madaraja, na daraja hupatikana kwa elimu na uzoefu. Kumiliki kiwanja hakumpi mtu daraja lolote. Hakuna atakayekudai leseni ukibadilisha balbu, ukifunga plagi ya pasi au ukirudisha breka iliyojikata. Lakini kupitisha waya mpya ukutani, kuongeza soketi au kubadili meni swichi ni kazi ya mwenye leseni, hata kama nyumba uliijenga kwa mikono yako.

“Mbona Uingereza watu wanajifanyia?” Ni kweli, ila hadithi inakatwa katikati. Tangu 2005 kanuni za majengo za England zinamtaka mwenye nyumba anayetaka kufunga saketi mpya mwenyewe aiarifu mamlaka ya majengo kabla ya kuanza, na kazi yake ikaguliwe. Australia haimpi hata nafasi hiyo. Anayeitaja Uingereza aje pia na mkaguzi wake.

“TANESCO watakagua kabla ya kuwasha.” Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Ombi la kuunganishiwa umeme linahitaji mhuri wa mkandarasi mwenye leseni, na mhuri huo umegeuka bidhaa. Mwenye nyumba au kishoka, yaani fundi asiye na leseni, anafunga nyaya, kisha anatafutwa mtu wa kugonga mhuri kwenye fomu ya nyumba ambayo hajawahi kuingia. Mfanyakazi wa TANESCO anayekuja kufunga mita hawezi kuona kiungio kilichofungwa kwa selotepu na kuzikwa ndani ya plasta. Wala hawezi kujua kwamba hita ya kuogea ya wati 5,500, inayovuta karibu ampea 24, imeunganishwa kwenye waya mwembamba wa soketi. Huo waya utapata moto polepole, miezi au miaka, huku fomu ikisema kila kitu kiko sawa. Mkandarasi anayeuza mhuri ana hatia kubwa kuliko mwenye nyumba asiyejua, nami sioni sababu ya kumwonea haya.

“Breka itakata.” Breka ya ampea 16 imewekwa kuulinda waya. Mkono uliolowa ukigusa waya wa volti 230, mwilini hupita sehemu ndogo tu ya ampea moja. Kwa breka hiyo ni kama taa imewashwa, lakini moyo unaweza kusimama. Kinachomwokoa mtu ni ethi iliyofungwa na kupimwa, pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30. Kwa wanaojifungia wenyewe, ethi mara nyingi ni chuma kifupi kilichochomekwa kwenye mchanga mkavu bila kupimwa.

“Fundi mwenye leseni ni ghali.” Hoja hii siipuuzi, ujenzi unamaliza watu. Basi anza na vyumba viwili na choo, vingine vifuate fedha zikipatikana, kwa mkono wa fundi yule yule. Mwombe akuoneshe leseni, usome daraja lake na tarehe inapoisha. Mtake afike mwenyewe kabla ukuta haujapigwa plasta, na apime ethi ukiwa umesimama hapo. Akikwambia atatuma fomu tu iliyokwisha kugongwa mhuri, mkatae.