Kutupa Dawa ya Kifafa Si Tawakali

Liko jambo katika miji yetu ya pwani ambalo halifai kunyamaziwa. Mgonjwa wa kifafa hupelekwa kwa mtu anayedai kuzingua majini, na sharti la kwanza analopewa ni kutupa vidonge vya hospitali. Huambiwa ya kuwa jini hatoki maadamu dawa za kizungu zimo mwilini. Wazazi, kwa uchungu wa mwana wao, hutii. Baada ya siku chache mtoto huanguka mara tatu, mara nne, mfululizo, pasina kuzindukana. Yule bwana naye husema, "Mmeona? Jini ameudhika." La hasha! Hapa pana dawa iliyokatwa ghafla, na kifafa cha namna hiyo, kisichokatika, huua.

Hatusemi haya kwa kupinga kisomo. Qurani ni shifaa na rehema kwa wenye kuamini, na majini wapo, Muislamu hakanushi. Lakini wanazuoni wetu hawakuchanganya mambo. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), katika Zad al-Maad ameyagawa maradhi haya mafungu mawili: yale yatokanayo na pepo waovu, na yale ya mwili, ambayo matabibu hutafuta sababu yake na tiba yake. Na kabla yake Ibn Sina alikwisha kukieleza kifafa pamoja na maradhi ya kichwa na ubongo. Basi huyu wetu wa leo kapata wapi elimu ya kuamua, kwa kutazama tu, kwamba kila aangukaye ana jini?

Wako watakaotutolea hoja ya yule mwanamke aliyemwendea Bwana Mtume (S.A.W.) akalalamika kwamba huanguka, naye akampa khiyari ya kusubiri apate Pepo, au aombewe dua apone, akachagua subira. Kweli kabisa. Lakini tazameni: alichagua mwenyewe, mtu mzima na akili zake. Mtoto wa miaka saba, ni nani aliyemchagulia kuangukia moto jikoni au kuzama kisimani? Na Mtume huyo huyo ametuamrisha tujitibu, akamfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo amtegemee Mola wake. Hiyo ndiyo tawakali.

Ama dawa zenyewe, hazikuanza jana. Fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na fenitoini tangu 1938. Kisha zikafuata kabamazepini na valproeti. Ubongo hupelekeana habari kwa umeme mdogo sana, na kifafa ni umeme huo kufurika kwa ghafla. Huenda sababu ikawa malaria iliyopanda kichwani, au pigo la kichwa, au taabu wakati wa kuzaliwa. Na mara nyingi sababu haijulikani. Dawa huutuliza umeme huo usifurike. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wagonjwa 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangepata tiba iliyo sawa.

Lakini kutulia si kupona. Chombo kikitulia kwa sababu ya nanga, nahodha gani ang'oe nanga kwa kuwa chombo kimetulia? Kwa kawaida mgonjwa akae angalau miaka 2 bila ya kuanguka, ndipo daktari afikirie kumpunguzia, naye hupunguza kidogo kidogo kwa miezi.

Wala hatufichi kwamba dawa hizi zina madhara yake. Fenobabitoni huleta usingizi, na watoto wengine huwafanya watukutu. Mwalimu wa chuo anayemchapa mtoto kwa kusinzia juu ya juzuu, na aulize kwanza mtoto huyo anameza nini. Fenitoini huvimbisha ufizi, na ikizidi mgonjwa huyumba kama aliyelewa. Kabamazepini yaweza kuleta vipele. Na vikija pamoja na homa au vidonda vya mdomoni, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Valproeti huongeza unene na kupukutisha nywele. Lililo zito zaidi, humdhuru mtoto aliyemo tumboni: katika kila watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakati wa mimba, kama 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na 30 hadi 40 hupata matatizo ya kukua na kujifunza. Kwa hiyo binti mwenye kifafa anayekaribia kuolewa amwone daktari kabla ya harusi, apate kubadilishiwa mapema. Asiikate mwenyewe.

Na lawama si ya wazinguaji peke yao. Mhudumu anayesukuma vidonge dirishani bila ya neno, asimweleze mama kwamba mwanawe atasinzia wala kwamba dawa haikatwi, huyo amemfungulia mganga mlango. Madhara ya dawa ni habari ya kumpelekea daktari, apunguze kipimo au abadilishe dawa. Hayakuwa kamwe hoja ya kuitupa jaani.

Hali kadhalika Ramadhani. Ikiwa dawa yaweza kugawanywa baina ya futari na daku, daktari atasema. Ikiwa haiwezekani, Mwenyezi Mungu amekwisha kumruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine, na asiyeweza kulipa ana fidia yake. Anayeacha kidonge ili asiikose saumu, kisha akaanguka barabarani, amejitia katika maangamizi tuliyokatazwa.

Basi enyi mnaosomea watu, msomeeni mgonjwa, mwombeeni dua, na kidonge chake apewe kwa saa yake. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayashindwi nguvu na kidonge. Nanyi wazazi, mkipewa sharti la kutupa dawa, ondokeni hapo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha ya kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mwulizeni bwana huyo kama yuko tayari kuibeba dhamana hiyo mbele ya Mola wake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe elimu yenye manufaa. Amin.